Kikohozi cha Mzee Yotamu

Kijiwe cha Dastan kipo Mbalizi, nyuma ya soko la viazi, pale njia ya magari inapokoma na njia ya watu na mbuzi inapoanza. Ni benchi moja la mbao za mlingoti, jiko la mkaa, birika la kahawa lenye mdomo mrefu, na beseni la kusuuzia vikombe. Ng'ambo ya njia, hatua kumi hivi, upo uzio wa mabanzi, na nyuma ya uzio huo ndiko kwa Anyitike. Asubuhi ile ya mwezi wa saba baridi ilikuwa imekaza, na watu walishika vikombe kwa mikono miwili kama wanaopokea sakramenti. Anyitike alikaa mwisho wa benchi, macho yake kwenye uzio wa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa ametolewa nje. Baba zake wadogo wawili, walioteremka alfajiri kutoka Rungwe, walimwambia kwa upole lakini bila kucheka, "Toka kidogo, kijana. Hili ni la baba yako." Kijana mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minane.

— Wameanza? aliuliza Profesa, fundi redio aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kumshinda kukieleza, isipokuwa redio.

— Wameanza, alisema Anyitike.

— Na mzee?

— Amefunga mlango. Wanaongea naye kupitia mlangoni.

Dastan alimimina kahawa bila kuulizwa. Alikuwa mtu wa huruma, ila huruma yake ilikuwa na masikio marefu.

— Leo siku ya tatu, alisema. Uji hajatoka kuuchukua. Mimi nasikia mfuniko, kikohozi sisikii.

Hapo hakuna mtu kijiweni aliyehitaji maelezo. Katika ukoo wa Anyitike, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Si chuki, ni heshima. Mkamwana hataji jina la mkwe wake wala hapiti mbele yake. Na mzee naye hataji jina la mkamwana, na akisikia hatua zake hugeuza uso. Vijana wengi wameyaacha mambo hayo, lakini Mzee Yotamu hakuyaacha, na Ikupa, mke wa Anyitike, alilelewa na bibi yake na hakutaka kuwa wa kwanza kuyavunja. Kule Rungwe haikuwa shida, maana kila mmoja alikuwa na mji wake. Shida ilikuja mwaka juzi, nyonga ya mzee ilipoanza kuuma na Anyitike akamleta Mbalizi, akamjengea chumba upande wa pili wa ua.

Ua wenyewe ni hatua kumi na mbili. Basi wakatunga utaratibu. Ikupa akiweka uji juu ya jiwe lililo katikati ya ua, hugonga mfuniko wa sufuria mara moja, akaingia ndani. Ugali, mara mbili. Mzee akitaka kutoka, hukohoa mara tatu, na Ikupa hujifungia jikoni mpaka asikie mlango wa chumba cha mzee umerudishwa. Miaka miwili waliishi hivyo, wakisalimiana kwa mfuniko na kikohozi, na kijiweni watu walirekebisha saa zao kwa mfuniko ule.

— Mimi nalaumu mafua, alisema Profesa. Mafua ndiyo yaliharibu mawasiliano. Jumatatu mzee alikohoa tangu jogoo. Mama wa watu akakaa jikoni mpaka saa sita.

— Maharage yakaungua uani, naye kajifungia ndani, alisema Dastan. Harufu ilifika hapa.

— Ungefanyaje? Kila akishika kitasa, mzee anakohoa.

Siku nyingine wangecheka. Siku ile walicheka kidogo, wakamtazama Anyitike, wakaacha.

Maana Jumatano ndipo lilipotokea lenyewe. Anyitike alikuwa amechimba shimo la choo kipya, kimo cha mtu na nusu, akalifunika kwa mabanzi mawili makuukuu. Akaenda kazini. Mzee, katika kuzunguka ua, akakanyaga banzi lililooza. Hakuvunjika, alichubuka tu, lakini kwa nyonga ile asingepanda hata ngazi ya kuku. Ikupa alikuwa peke yake nyumbani. Aliteremsha ngazi, akaingia shimoni, akamweka baba mkwe wake mgongoni, akamfunga kwa kanga, akapanda naye.

Alimweka kwenye jiwe la uji. Mzee akajikokota mpaka chumbani, akafunga mlango. Tangu hapo hakuna kikohozi.

— Mchimba shimo huingia mwenyewe, alisema Askofu akitikisa kichwa.

Huyu jina lake ni Brayson. Si askofu wala shemasi. Huimba sauti ya nne katika kwaya, na kila akiongea huanza kama anayefungua ibada.

— Mimi ndiye niliyechimba, alisema Anyitike. Mimi sijaingia.

— Ndiyo maana nasema. Lilikuwa lako. Mzee ameingia badala yako.

— Askofu, acha. Nimewaambia hali ilivyo. Wazee wanasema tata, mzee wangu, akitamka tu kwamba amevunjiwa heshima, Ikupa anarudi kwao Kiwira mpaka alete ng'ombe wa kusafisha. Na Ikupa ameniambia jana: akienda kwa kosa la kumtoa mtu shimoni, harudi. Na nikimtetea Ikupa, tata anarudi Rungwe kukaa peke yake kwenye ile baridi, na hiyo nyonga. Kwa hiyo mkiongea, ongeeni mkijua.

Walifikiri kwa muda wa kikombe kimoja. Zaidi ya hapo kijiwe hakiwezi.

— Alivaa sweta? aliuliza Profesa.

— Nani?

— Shemeji. Siku ile.

— Alivaa. Baridi yote hii.

— Basi hakumgusa. Sweta ni sufu, na sufu haipitishi umeme. Mimi nashika nyaya kila siku. Mgongo wa shemeji, sweta, kanga, koti la mzee: hayo ni matabaka matatu. Waambie wazee hakukuwa na mguso wa kitaalamu.

— Na mikono? alisema Dastan. Alimshika mikono. Mkono mtupu haulambwi.

— Nani kasema alimlamba?

— Nasema mimi naangalia mahali. Mila inasema juu ya ardhi. Mle walikuwa chini ya ardhi. Chini ya ardhi kuna madini, na madini ni ya serikali. Sasa mila ya ukoo inaingiaje kwenye eneo la serikali?

— Lakini akapanda naye, alisema Profesa. Alipofika juu?

Dastan alifikiri.

— Hapo juu ndipo kosa lilipo. Angemwacha kwenye ngazi ya mwisho.

Anyitike aliweka kikombe chini. Askofu, ambaye muda wote alikuwa akihesabu kitu kwenye vidole, aliinua mkono kuomba utulivu.

— Wapendwa, nyinyi mnatazama kidole, mimi natazama ukoo. Nani hubebwa mgongoni kwa kanga? Mtoto. Kwa hiyo Mzee Yotamu, tangu Jumatano, ni mtoto wa Ikupa. Tumekubaliana? Na wewe Anyitike ni mtoto wa nani?

— Wa Yotamu.

— Basi Ikupa ni bibi yako. Hapa hakuna habari ya ng'ombe. Hapa hata ndoa hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Askofu, alisema Anyitike polepole, ukirudia hilo neno nitaondoka, na sitarudi hapa.

Alilisema kwa sauti ya chini kabisa, na kwa sababu hiyo kila mtu aliamini. Askofu alikunja vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha vitu dukani.

Kichwa cha mzee Fanueli, mkubwa wa wale baba wadogo, kilichomoza juu ya mabanzi. Alikuwa na kofia ya sufu na uso wa mtu aliyeongea na mlango tangu saa kumi na mbili.

— Anyitike.

— Naam, baba mdogo.

— Kaka hajibu. Tumeongea, tumeomba, tumenyamaza. Sasa tumepatana hivi. Mkeo anapika uji. Akigonga mfuniko, kaka akikohoa na kutoka, tutajua amesamehe. Asipokohoa, kimya chake tutakihesabu ndiyo jibu, na mkeo, mama Joyness, atafungasha leo hii. Basi la Kiwira ni saa saba.

Kichwa kikazama. Dastan alitikisa birika, akasikia imebaki ya kikombe kimoja, akaliweka pembeni mwa jiko bila kummiminia mtu.

Wakati huo akaja mama mmoja akiteremka na njia, vikapu vya nyasi za milulu vimepangana kichwani kama mnara. Alivitua, akapangusa shingo, akasimama mbele ya jiko.

— Kamwene, alisema.

— Kamwene, mama, alisema Dastan. Umetoka Iringa?

— Kalenga. Naitwa Bertha. Naomba kahawa, vidole havinisikii. Mbona mmekaa kama msibani?

Hakuna jambo ambalo kijiwe hupenda kama mtu asiyejua. Walimweleza wote watatu kwa pamoja: mfuniko, kikohozi, mafua, shimo, mgongo, basi la saa saba. Bertha alisikiliza kama wasikilizavyo watu waliolea watoto wengi, macho yakimfuata kila anayesema. Walipomaliza, alikunywa funda moja.

— Sisi kwetu tuna ya kwetu, hii yenu siijui, alisema. Samahani, nisaidieni. Mzee akikohoa, huyu dada anajificha?

— Anajificha, walijibu.

— Akisikia hatua zake, anajificha?

— Anajificha.

— Sasa siku ile dada alikuwa jikoni, na mzee yuko shimoni. Alijuaje aende?

Askofu alianza kuhesabu vidole vyake upya.

— Atakuwa alipiga kelele, alisema Profesa mwishowe.

— Kelele gani? aliuliza Bertha, bila ubishi wowote. Mtu akiwa shimoni huita. Alimwitaje?

Anyitike alihisi masikio yake yakipata moto katika baridi ile. Siku mbili alikuwa amemuuliza Ikupa alimshikaje, kwa mkono upi, alimweka wapi. Alijaribu kukumbuka uso wake wakati akijibu, akakumbuka kwamba kila mara Ikupa alikuwa kama anayengoja swali jingine, halafu anainama kuchochea moto. Ikupa alikuwa anamfichia mtu siri. Na si yeye mwenyewe.

Aliinuka, akavuka njia, akaweka mikono juu ya mabanzi. Baba zake wadogo walikuwa wamekaa kwenye vigoda mbele ya mlango uliofungwa. Moshi ulitoka jikoni.

— Tata, alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. Siku ile shimoni, ulimwitaje?

Wazee waligeuka.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba, yenye mafua bado.

— Nilikohoa.

— Ndiyo, tata.

— Nilikohoa mara tatu. Nikasikia mlango wa jikoni unafungwa. Nikakohoa tena. Akaweka na komeo.

— Halafu?

Fimbo ilikwaruza sakafu nyuma ya mlango. Anyitike hakuwahi kumwona baba yake akiona haya, na sasa, bila kumwona, alimsikia. Siku zile zote walidhani mzee amemkasirikia mtu. Kumbe alikuwa amejificha.

Hakurudia swali. Baadhi ya maswali, yakishaulizwa mara moja, yanatosha.

Jikoni, Ikupa alikuwa amesikia yote au hakusikia lolote, haikujulikana. Alitoka, akaweka bakuli juu ya jiwe, akarudi ndani. Mfuniko ukagongwa. Mara moja.

Mzee Fanueli alivua kofia. Dastan alikuwa amesimama na birika mkononi. Wakangoja kikohozi. Hakikuja. Kikapita kitambo cha mtu kuvuta pumzi, kikapita kingine, na mzee Fanueli akaanza kuweka mikono magotini ili ainuke.

Kitasa cha mlango wa chumba kikazungushwa, na fimbo ikagonga kizingiti.

— Ikupa, ilisema sauti ya mzee.

Hakuna mtu pale uani aliyewahi kulisikia jina hilo kinywani mwake; aliyelisikia, siku ile ya shimo, alikuwa jikoni.

— Wa jana ulipoa nikiutazama. Huu usiuache kwenye jiwe, Ikupa. Nyonga inauma.

Anyitike hakugeuka kuwatazama wenzake. Alikuwa anasikiliza komeo la jikoni, ambalo lilikuwa linatolewa polepole. Nyuma yake Bertha alinyoosha kikombe apewe kahawa nyingine, na Dastan akainamisha birika mpaka mwisho, likatoa matone mawili.