Kanali Anselmo Tejerina na Kanzu ya Watawa

Marehemu Kanali Anselmo Tejerina alizaliwa tarehe 21 Aprili 1788 huko San Lorenzo, bonde la Tarija, mtoto wa tatu wa Mzee Fermín Tejerina, msafirisha mizigo kwa nyumbu, na Bi Petrona Ruiloba.

Alisomeshwa na watawa wa Fransisko mjini Tarija kwa miaka miwili, kisha baba akamhitaji njiani. Hesabu aliishika. Mwandiko ulimshinda mpaka kufa.

Mwaka 1811 aliacha nyumbu akaingia vitani dhidi ya mfalme aliyetutawala kutoka ng'ambo, akarudi 1825 na jicho moja. Ndipo wakamchagua mbunge, kule Chuquisaca. Alikaa kimya miezi miwili. Mwenyekiti akamwuliza, “Mheshimiwa Tejerina, huna neno?”

“Ninalo, mzee. Dirisha lile lifungwe, tunakufa na baridi.”

Likafungwa. Wananchi walimrudisha bungeni mara mbili zaidi.

Alifunga ndoa na Bi Casilda Arce tarehe 8 Februari 1813, katikati ya mapigano. “Umekuja kuoa au kunywesha farasi?” bibi harusi alimwuliza. “Vyote,” akasema. Na kweli, jioni ile ile akaondoka.

Kifua kilimwanza Juni 1840. Kama wazee wetu wengi, alikuwa amekwisha kuomba kwa watawa kanzu kuukuu, iliyovaliwa na kusaliwa, ili azikwe nayo. Baridi ilipozidi akawa anaivaa kitandani. Jirani akaingia, akapiga magoti aungame.

“Inuka, Gumersindo,” akamwambia, “dhambi zako nazijua zote.”

Alifariki tarehe 3 Agosti 1841, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Jana kapteni alileta amri ya serikali: azikwe na sare na upanga, kwa heshima ya taifa. Bi Casilda hajalia, hata sasa. Aliuliza tu kama kuku wamelishwa. Halafu akasema, “Kapteni, mwanangu, ninyi wanajeshi mlikaa naye vitani miaka kumi na minne, sikuwauliza anavaa nini. Leo namvika mimi.”

“Na amri je, mama?”

“Ikunje.”

Kapteni akaikunja. Kisha akavua glavu, akaishika mikono ya marehemu, kanzu ikapita.

Ameacha mjane, watoto watatu, Nicolasa, Bernabé na Eduvigis, na wajukuu watano.

Apumzike sasa kwa amani, bila kuitwa na mtu.