Jones Asiye na Namba

Leo, Jumanne tarehe 31 Oktoba 2017, Bwana Emlyn Jones anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi wa jeshi la akiba wa Bryn Ceirw kwa miaka thelathini na minane. Alipoanza kazi ya uangalizi, nywele zake zilikuwa nyeusi na bawaba za mlango mkuu zilikuwa zinalia. Bawaba zilinyamaza siku nyingi, na nywele nazo zimekwenda zake.

Nimeombwa kuandika mimi karatasi hii ya kumuaga kwa sababu nimepika katika jiko la ukumbi huu karibu muda huohuo, na kwa sababu Sajinimeja Pugh, aliyepaswa kuandika, anadai mkono wake umezoea saluti tu. Nina ombi moja kabla hamjaendelea. Nakala ya Emlyn imo mfukoni mwa aproni yangu na nitampa baada ya gwaride, kwa hiyo msimwonyeshe zenu. Mkifika chini mtaelewa.

Hapa kwetu akina Jones ni wengi kuliko kondoo, na ndiyo maana kila mtu huitwa kwa kazi yake. Mimi ni Menna Jikoni, na Emlyn ni Emlyn Ukumbi, hata kwa daktari wa meno. Meja mmoja aliyeletwa kutoka Uingereza alidhani hilo ndilo jina la ukoo, akatuma kadi ya Krismasi kwa "Bwana na Bibi Ukumbi". Emlyn, ambaye hajawahi kuoa, aliiweka kadi hiyo juu ya meko mpaka Pasaka na kumsalimia kila mgeni kwa niaba ya mkewe.

Ukumbi wenyewe mnaujua, lakini vijana wa siku hizi huenda hawajui ulivyopatikana. Mwenye machimbo alitoa kiwanja, na jina lake likachongwa juu ya mlango. Wachimbaji walitoa mikono yao kila Jumamosi baada ya zamu, wakaujenga kwa mawe waliyoyapasua wenyewe, na majina yao wakayaandika kwa penseli upande wa ndani wa vigae vya paa. Dhoruba ilipong'oa vigae Emlyn alipanda kuvirudisha, akakaa huko juu mchana kutwa. Nilidhani amekwama, kumbe alikuwa anasoma. Alishuka ana vumbi mpaka kwenye kope, akaniambia jina la babu yangu limo.

Sakafu ni ya mbao za msonobari. Ukivua viatu ukaipapasa kwa unyayo, utaukuta mfereji mwembamba unaokwenda kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho. Pale ndipo safu ya mbele imekuwa ikisimama tangu ukumbi ujengwe, na visigino vya wanaume wetu ndivyo vilivyoula ubao. Walisimama pale mwaka 1914 asubuhi ya kuondoka kwenda vitani. Bibi yangu alisimulia kwamba waliorudi walipojipanga tena hawakusogeleana kuziba mapengo, na sajini wa wakati huo hakuwaamuru wasogee. Mwaka 2003 waliondoka tena pale, vijana kumi na mmoja wakielekea Iraq, na siku hiyo Emlyn aliacha taa ya mlangoni ikiwaka. Hakuizima mpaka wa mwisho alipoingia, mzima, akiulizia supu.

Ofisi ya makao makuu iliwahi kuagiza sakafu ikwanguliwe iwe tambarare ili watu wasijikwae. Emlyn aliikwangua yote isipokuwa mfereji. Mkaguzi alipouliza, alijibiwa kwamba mashine haifiki pale. Mkaguzi aliitazama mashine, akamtazama Emlyn, akaomba chai.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wenu hamkuliona, kwa kuwa kwenye gwaride la kila Jumanne mlikuwa mnatazama mbele kama mlivyoamriwa. Emlyn hajawahi kuukanyaga ule mfereji. Ameupaka nta kwa magoti yake wiki baada ya wiki, lakini kuukanyaga, hapana. Hata akiwa amebeba sinia la vikombe na haraka inamsukuma, huzunguka ukuta mzima. Siku moja nilimwambia kwa hasira, maana chai ilikuwa inapoa, apite tu katikati kama watu wengine.

"Pale ni pa walioitwa, Menna," alinijibu. "Mimi sikuitwa."

Alijaribu kuitwa. Akiwa kijana wa machimboni alikuja kujiandikisha, na daktari akamkataa kwa sababu ya sikio la kushoto lililokufa baruti ilipolipuka kabla ya wakati. Rafiki zake wote waliingia. Yeye akawa anakuja Jumanne kuwasubiri nje wamalize ili waende baa pamoja, na mvua ya kwetu mnaijua. Kazi ya uangalizi ilipotangazwa aliikimbilia. Nadhani alitaka angalau awe upande huu wa mlango.

Mnakumbuka jinsi akina Jones walivyoitwa kwenye gwaride. Kwa kuwa jina halikutosha kuwatofautisha, kila mmoja aliitwa kwa tarakimu za mwisho za namba yake ya jeshi: Jones Kumi na Nne, Jones Sitini na Mbili, Jones Themanini na yule mdogo wake. Wakati wa kuita majina Emlyn alisimama mlangoni, mikono nyuma, kidevu juu. Jumanne moja yule Meja wa kadi ya Krismasi, ambaye sasa alikuwa ameambiwa kwamba Emlyn naye ni Jones, alimwona, akamuuliza Pugh huyu Jones wa mlangoni namba yake ngapi.

"Huyo hana namba, afande," Pugh alijibu. "Huyo ni wa ukumbi."

Kikosi kizima kilicheka, na Emlyn alicheka nao. Kisha alikuja jikoni akaanza kufuta vikombe ambavyo nilikuwa nimekwisha kuvifuta. Pugh hakukusudia ubaya wowote, kila mtu anajua mdomo wake ulivyo, na mambo yakaendelea kama kawaida.

Mwaka 2009 kikosi kiliunganishwa na kingine na kuhamishiwa mjini, ng'ambo ya mlima. Tangu hapo ukumbi umebaki na watoto wa kadeti siku za Alhamisi na akina mama wa badminton. Hakuna aliyemwambia Emlyn aache Jumanne, kwa hiyo hakuacha. Kila Jumanne jioni alifungua mlango mkuu, akawasha taa, akachemsha lile birika kubwa la watu sitini. Nilimuuliza umeme wote huo wa nini. Aliniuliza, je, mtu akipita akakuta pamefungwa? Hakupita mtu. Tulikunywa chai sisi wawili na mkate wangu wa zabibu, yeye akiwa amegeuzia mlango sikio zima.

Mimi nami nilikuwa nawasubiri, nisijifanye. Nautamani ule mvuke wa makoti ya sufu yaliyolowa, buti zikitua pamoja mpaka vijiko vikalia kwenye droo, halafu Jones Sitini na Mbili akianzisha wimbo kwenye foleni ya supu na foleni nzima ikisahau njaa. Nyumba ikizoea watu, kimya chake hakivumiliki.

Ukumbi sasa umeuzwa. Mnunuzi atautia kuta za bandia zenye vishikio kama vya mwamba, ili watu walipe wazipande, na mlima uko pale nje, bure. Ameahidi kutogusa paa. Kuhusu sakafu hakuahidi kitu.

Mwezi Agosti Pugh alinijia jikoni na fimbo yake. Alisema, "Menna, lile jibu langu la siku ile bado linanikera." Hakuhitaji kunieleza jibu gani. Siku hiyohiyo tulianza kuwapigia simu, na ndiyo sababu mko hapa leo, wengine mkiwa mmetoka mbali, wengine mkiwa na magoti ya chuma.

Emlyn hajui. Ninapoandika haya anadhani ni hafla ya watu sita na keki. Alipoliona birika limejaa alinigombeza kwa kupoteza maji.

Basi utaratibu ni huu. Pugh atatoa amri, nanyi mtajipanga kwenye mfereji. Acheni nafasi moja karibu na dirisha la mwisho, na ninaposema nafasi simaanishi ya mtu mwembamba. Majina yataitwa kama zamani. Akimaliza akina Jones wenye namba, Pugh ataita "Jones Ukumbi". Aite kwa nguvu, kutokea upande wa kulia, maana sikio la kushoto ni pambo. Asipoitika mara ya kwanza, msigeuke kumtazama. Tazameni mbele, mngojeeni. Yeye amewangojea zaidi.

Kwa niaba ya kikosi, watoto wa kadeti, akina mama wa badminton na jiko, tunamshukuru kwa kila mlango aliotufungulia. Tunamtakia afya, miguu ya kumfikisha baa, na Jumanne zenye watu. Ijayo aje kwangu, birika nimelinunua mimi.

Nawe Emlyn, ukiwa unausoma mstari huu, umekwisha kuitwa. Kama bado umesimama pale, usiwe na haraka ya kutoka. Chai nitaileta mimi, na nitazunguka ukutani.