Rejeta Mapajani

Kwenye basi dogo la kutoka Muyinga kwenda Gitega, kwenye kiti cha mbele yangu, Uthmani alikuwa amepakata rejeta ya gari lake iliyokuwa ikivuja.

"Fundi ataichomelea," alimwambia Namegabe, mama Mkongo aliyekaa naye. "Mpya mi siiwezi, na Alhamisi napeleka bibi yangu hospitali kupasuliwa."

"Bwana yangu naye alichomelea," Namegabe akasema. "Ikatoboka tena kwenye mulima. Akafungua kifuniko, maji ikamuchoma macho."

"Pole, mama. Lakini mi ntaenda polepole."

"Naye alienda polepole."

Mimi, nyuma yao, nilijifanya nimelala. Basi liliposimama Gitega, Uthmani aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa anaona?"

"Jicho moja," Namegabe akajibu, akamshikia rejeta mpaka Uthmani akashuka.