Mama Pindo, Fundi Atakayezikwa Bila Bendera

Tunayemsindikiza leo alikuwa mke, mama, bibi na fundi wa nguo. Alikuwa pia mwanzilishi wa tawi la chama hapa mtaani, na wengi wameuliza mbona jeneza lake halina bendera. Wasifu huu utawajibu. Tuanze alikoanzia.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Alikuwa mtoto wa tatu, na kwa maneno ya dada yake, wa kwanza kwa ubishi.

Alisoma shule ya msingi ya pale kiwandani mpaka mwaka 1965, baba yake alipoumia mgongo. Akaacha daftari akashika sindano. Hilo hakulililia. Alisema shule imempa kusoma na kujumlisha, mengine angeuliza.

Kazi alifundishwa na shangazi yake, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mwaka 1972 alifungua chumba chake mwenyewe, mkabala na kituo cha afya. Alishona sare za shule. Pindo la sketi na suruali alilikunja pana, ili mtoto akirefuka mzazi afumue, ashushe, na mwaka upite. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajifukuzia wateja. Wazazi wakamwita Mama Pindo kabla hajazaa. Nguo ikirudi kwamba haikai vizuri, aliifumua mbele ya mwenyewe na kuishona upya. Hakubishana na mwili wa mtu.

Mumewe ni mwashi. Alipeleka suruali ikunjwe, ikakunjwa vizuri. Akapeleka ya pili. Ya tatu marehemu aliigeuza ndani nje, akaitazama, akasema, "Kaka, suruali hii haina ubaya. Mwenye shida ni wewe." Walifunga ndoa tarehe 2 Novemba 1974, wakajaliwa watoto watatu. Waligombana kama watu wote.

Tawi la chama lilianzia chumbani kwake mwaka 1991, watu wamekalia marobota ya vitambaa. Mwenyekiti alikuwa kinyozi wa jirani, na ndiye mpaka leo. Waliosoma wanakiita chama cha kihafidhina. Marehemu alikieleza hivi: mtu ale jasho lake, serikali isitie mkono kwenye kila mfuko, mtoto amheshimu mzazi, na cha zamani kisitupwe kabla kipya hakijajaribiwa. Mumewe hakuwa mtu wa vyama, ila kwa hayo hakuwa na neno. Tawi lilikuwa na desturi yake: mwanzilishi akifa, jeneza hufunikwa bendera ya chama. Bendera hiyo aliishona marehemu.

Chama kikashika serikali. Kodi za vibanda zikapanda, na marehemu akawaambia wateja ni za muda. Sare za shule akapewa mwagizaji mmoja, rafiki wa wakubwa, zikaja na pindo la gundi. Akasema wataona wenyewe. Tawi likachagua mgombea wake, makao makuu yakaleta mwingine asiyejua hata maji ya mtaa huu yanakatika siku gani. Akasema tusubiri, wanajipanga. Wateja wakaanza kumtania, "Mama Pindo, hawa hawajamaliza kujipanga?"

Mwaka 2014 mbunge alikuja kwenye ukumbi wa shule. Alisema wakati umebadilika na wanachama nao wabadilike. Marehemu akasimama.

"Mheshimiwa, nguo ikikataa mwilini, fundi hamwambii mteja akate mwili. Vipimo tuliwapa. Fumueni."

Ukumbi ulicheka, mheshimiwa naye akacheka. Baadaye akaja kumshika bega, akamwambia, "Mama, wewe ni wetu wa damu. Utaenda wapi?"

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe kwamba kukosea angewasamehe, maana hakuna fundi ambaye hajawahi kukata vibaya. Lakini kuhesabiwa pamoja na viti vya ukumbi, hapana.

Siku ya kura mwaka uliofuata alifungua chumba chake cha kazi kama kawaida. Tangu tawi lianze, hakuwahi kukosa foleni. Mwenyekiti akaja na gari kumchukua. Marehemu alimwambia bila kuinua mguu kwenye cherehani, "Waliuliza nitaenda wapi. Waambie sikwenda popote, nipo kazini."

Mwenyekiti akasema, "Dada, unawapa wapinzani ushindi."

"Kumbe kura yangu ina uzito? Mbona neno langu lilikuwa jepesi?"

Kiti kile cha ubunge chama kilikikosa. Marehemu akaitwa msaliti, na wengine walisema kanunuliwa. Upande wa pili nao wakasikia, wakamletea kofia yao. Aliikagua nyuzi zinazoning'inia, akawarudishia. Aliwaambia kukimbia mvua si kuomba kutupwa mtoni. Kifungua mimba wake, aliyekuwa katibu wa vijana wa tawi, alikaa muda mrefu bila kuja nyumbani. Hilo lilimuuma kuliko matusi yote, lakini hakubadili neno. Mtoto alirudi mwenyewe, akala, yakaisha.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2022. Wodini alimwambia muuguzi kwamba kola ya sare yake imewekwa kinyume, na ilikuwa kweli. Siku moja alimwita mumewe na kifungua mimba, akasema, "Nisifunikwe ile bendera. Niliishona kwa mapenzi, ila nikifunikwa nayo watasema nilirudi. Sijarudi. Na wakija wasifukuzwe, ni watu wangu." Alifariki tarehe 17 Juni 2023, alasiri, mumewe akiwa kando yake.

Juzi mwenyekiti alikuja nyumbani na bendera imekunjwa vizuri. Kifungua mimba akasema, "Baba, ni heshima tu, haina siasa." Mumewe alimjibu kwamba heshima ni kumfanyia mtu alilotaka wakati hawezi tena kukudai. Kifungua mimba akasema kweli alisikia kwa masikio yake. Mwenyekiti akaiweka bendera kwenye mfuko wake. Aliuliza kama bila hiyo bado anaweza kushika jeneza. Akaambiwa ashike mbele, upande wa kulia, na kifungua mimba ashike kushoto. Ndivyo mtakavyowaona leo, na asiwaulize mtu kitu.

Wanachama mliokuja, karibuni. Mmekuja kwa dada yenu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, wanafunzi wake wa cherehani, na wenzake wa tawi aliowahesabu ndugu hata alipowakatalia.

Mke wangu, Mungu akupumzishe kwa amani. Hukurudi, na hatutasema ulirudi.