Kidonge Kilichoninyamazisha

Nyie vijana mtakaosoma haya, toeni kwanza hivyo vitu masikioni. Asifiwe Bwana aliye hai! Mimi ni bibi yenu wa huku Sibwesa. Shule sikukaa sana, mwandiko wangu mtauvumilia. Nasema na nyie kwanza kwa sababu nyie ndio mnaomeza vidonge ili mkabebe magunia.

Ndugu zangu, mgongo umenisumbua miaka mingi. Nililima nao hivyo hivyo, nauma meno, nasonga na tuta. Na kelele zangu mnazijua. Kuku, wajukuu, wakwe, wote niliwafokea. Mgeni alinisikia kabla hajaniona!

Mavuno yaliyopita mgongo ukazidi, kuinama nikashindwa. Wifi yangu akaniletea vidonge kutoka sokoni Kashaulili, vimefungwa kwenye kikaratasi, havina boksi wala jina. "Meza, wifi, utanishukuru." Nikameza. Maumivu yakakimbia! Jumapili nikasimama kanisani mbele yenu nikashuhudia nimepona, mkapiga vigelegele. Loo! Tulishangilia mapema.

Maana nilianza kukaa. Shamba nikaliacha, si kwa maumivu. Sikutaka tu. Kuku walipanda kwenye turubai wakala mahindi, nikawatazama. Anastazia, mke wa mwanangu, akaniuliza, "Mama, hawa kuku hujawaona?" Nikamjibu, "Nimewaona." Basi. Nyumbani wakasema bibi siku hizi ana amani. Amani gani hiyo!

Siku moja Anastazia alikwenda kuchota maji, akaniachia mwanawe Neema, bado anatambaa. Sufuria la maharage lilikuwa linachemka kwenye mafiga. Mtoto akaanza kutambaa kuelekea motoni. Ndugu zangu, nilimwona! Mgongo hauumi, miguu mizima, macho yanaona. Nikasema moyoni, mtoto anakwenda motoni. Nikakaa!

Anastazia alitokea njiani, akatupa ndoo, akamnyakua mtoto mkono umeshagusa ukuni. Maji yakanilowesha miguu. "Mama! Umekaa tu?" Alinitazama kama anaangalia maiti iliyokalishwa kwenye kiti.

Hata hapo sikushtuka. Nilishtuka baadaye, nilipokumbuka kwamba sikushtuka. Mpaka leo mwili unanisisimka! Mjukuu wangu! Nikalia, "Yesu, nirudishie maumivu yangu!" Chekeni, lakini ndivyo nilivyoomba.

Mwanangu akanipeleka zahanati na kile kikaratasi. Daktari akavigeuza vile vidonge, akatikisa kichwa. "Bibi, hivi ni vikali, haviuzwi ovyo hivi. Ila usiache ghafla, tutapunguza kidogo kidogo. Na usikae tu, tembea. Kukaa kunakuongezea ubovu wa mgongo." Vilipopunguzwa nilitetemeka, nikatoka jasho, usingizi ukapotea. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, wakanishika mikono tukatembea uani.

Asubuhi moja nikaona kuku wamevamia karanga. Kitu kikanipanda kifuani. "Anastazia! Hawa kuku umewaalika wewe? Mbona hujawawekea na viti?" Akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Kuku hakuwafukuza. Akapiga magoti hapo hapo uani: "Mama kanigombeza! Bwana asifiwe, mama kanigombeza!" Nikamwambia ainuke, karanga zinaisha.

Ndugu zangu, sidanganyi tena. Mgongo unauma hata sasa ninapoandika. Nalima tuta, napumzika, nalima. Mungu hakuniondolea maumivu, alinirudishia moyo wa kutaka kitu. Ninamshukuru! Wewe unayeumwa kama mimi, mtegemee Yeye, na unachomeza kipeleke kwa daktari akione. Dawa ya daktari si dhambi. Dhambi ni kumeza usichokijua halafu ukaita muujiza.

Nyumbani kwangu nimetoa amri, mkubwa kwa mdogo: siku mkiona kuku wanakula mahindi na mimi nimenyamaza, asiniambie mtu bibi ana amani. Niulizeni nimemeza nini.