Taa Aliyoizima Dokta Abdiel Akyoo

Wapendwa waombolezaji, Bwana asifiwe, na ndugu zetu Waislamu mliotoka chuoni, asalaam aleikum. Desturi ni kuanza na kuzaliwa, na huko tutafika, ila marehemu mwenyewe aliagiza kitangulie kishindo kimoja, kishindo cha chupa ya chai iliyobingirika kwenye mawe ya njia ya hospitali hapa Nkoaranga, usiku wa manane, tarehe 6 Septemba 2019, ikapasukia mtaroni, naye akakisikia, na hakwenda. Alisema lisisomwe lingine kabla ya hilo, tumetii, sasa tuendelee.

Dokta Abdiel Melkizedeki Akyoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika hospitali hiyohiyo ya Nkoaranga, mtoto wa tatu wa mzee Melkizedeki na mama Anande, akabatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1989 hadi 1995, kisha sekondari Moshi, na likizo zote usiku alikuwa halali, anapanda juu ya banda la ng'ombe kutazama nyota, mama yake akimfokea kutoka dirishani, "Wewe Abdi, kesho hizo nyota ndizo zitakamua?"

Alihitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam mwaka 2006, akaenda Afrika Kusini kusomea astronomia, akarudi 2012 kufundisha Chuo Kikuu cha Sayansi Themi, ambako yeye na wenzake walianzisha kikundi cha utafiti wa anga, darubini ikiwa moja tu, wakaiweka huku kwenye kahawa za baba yake kwa sababu mjini taa ni nyingi. Kazi yao ilikuwa kuvizia sayari ndogo inapopita mbele ya nyota, nyota ikazimika sekunde chache kisha ikawaka tena, na kwa kupima kuzimika huko wakajua ukubwa wa hiyo sayari, na tukio likikupita limekupita, ndiyo maana kabla ya kila usiku wa kazi Dokta alipita nyumba kwa nyumba, shikamoo mama, shikamoo baba, naomba leo mzime taa za nje, nanyi mkazima huku mkimtania, "Haya, tunalala na kuku kwa ajili ya digrii yako."

Tarehe 22 Desemba 2018 alifunga ndoa na Blessing, ambaye ndiye anayewasomea haya, mtamvumilia akiharakisha, wakajaliwa watoto wawili, Melkizedeki aliyezaliwa 2020, na Anande, huyu aliye mgongoni, wa miezi minne.

Sasa ule usiku. Pale kwenye kona ya njia ipo taa ambayo usharika uliiweka kwa ajili ya wanaokwenda hospitali usiku, na hiyo Dokta hakuwahi kuigusa, lakini siku ile mwanga wake ulimpiga machoni, akashuka akaizima kwa mkono wake, akijiambia ni dakika chache, nani atapita saa hizi, kumbe Mama Agnela, jirani yetu mjane, alikuwa anampelekea chai hospitalini mkwewe aliyeshikwa na uchungu. Chupa ikalia kwenye mawe, sauti ikafuata, "Jamani, nimeanguka!", na nyota ilikuwa inakaribia kuzimika, Dokta akabaki na jicho kwenye darubini mpaka ikazimika, mpaka ikawaka, ndipo akakimbia kuwasha taa na kumbeba mama yule, nyonga imevunjika. Na Mama Agnela, ambaye hakujua, alimshukuru mbele za watu kila Jumapili mlangoni pa kanisa, "Huyu Abdi ndiye malaika wangu, alifika sijamaliza hata kuita," naye akainamisha kichwa, watu wakasema jamani mnyenyekevu.

Vipimo vya usiku huo ndivyo vilivyompa Tuzo ya Mtafiti Bora ya chama cha wanaastronomia wa vyuo vyetu mwaka 2020, vikampa nishani mwaka 2022, vikamfanya kiongozi wa kikundi mwaka 2023, na ninyi wenzake mliouliza kwa nini ngao zake hazipo ofisini, zipo stoo, chini ya magunia ya kahawa. Kila alipokwenda kupokea tuzo alimwahidi mke wake kwamba leo nasema, na kila aliporudi alivua koti akaipeleka tuzo stoo, hajasema, wala chakula hagusi.

Julai mwaka huu 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akadhoofika, na asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Novemba akiwa wodini alimtuma mke wake ampelekee Mama Agnela jani la isale, ambalo huku kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, na amweleze yote, taa na kubaki. Mama Agnela alisikiliza mpaka mwisho, akalia, akapandwa na hasira, "Miaka yote namwita malaika ananiangalia tu? Alisubiri nife?" Jani likabaki mapajani, halijapokelewa wala kurudishwa, kisha akasema, "Leteni fimbo yangu, aniambie mwenyewe." Mwanawe Ebenezer akamleta kwa gari, tukafika wodini, nesi akatuzuia mlangoni, marehemu alikuwa ameshakata roho. Alikufa hajui kama amesamehewa, na hilo linatuchoma, kwa sababu tungeweza kwenda mapema, kila mwaka tungeweza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, uongozi wa chuo na wenzake wa kikundi cha anga, wanakwaya, na majirani mlioacha taa za nje zikiwaka tangu Jumanne ili wageni wasijikwae.

Dokta Abdiel, baba Melki, lala salama mikononi mwa Mungu, lala, maana leo asubuhi Mama Agnela alilishika lile jani mbele ya wazee wa ukoo, na aliyelipokea hadai tena, mnamwona analo pale mkononi, kisha akaomba ainamishwe kwenye jeneza, akakuambia jambo sikioni, akasema, "Hili ni la Abdi." Mke wako ndiye aliyekuwa amemshika mama asianguke, amelisikia, na hatamwambia mtu mwingine.