Chambo cha Muhindo

Kengele za simu zililia mfululizo, na Germaine akatambua mchezo wa bahati kabla hajageuka. Mtumbwi wa mota ulikuwa katikati ya mto, ukitoka Lubunga kwenda mjini. Kijana aliyeketi nyuma yake, Muhindo, alikuwa akibonyeza mashine ya kamari kwenye simu yake.

“Haijalipa tangu asubuhi,” alimwambia. “Donc iko karibu, mama.”

Germaine, mvuvi wa Yanonge, alicheka. “Mashine haikumbuki kitu, mutoto wangu. Kuna zingine ziko sawa na wavu mudogo: zinakupa samaki kidogo-kidogo. Hii yako iko ndoano ya kapitaine, ule samaki mukubwa. Utakaa na njaa mingi, kisha kitu kikubwa, ao hapana. Na zote zinakula kuliko zinatoa.”

“Niko na roho ngumu, naweza kungoja.”

“Bon. Chambo ni ya nani?”

Muhindo aliinamisha macho. “Yangu iko karibu kuisha. Itabaki pesa ya mchele ya Tania, bibi yangu wa ndoa. Bado sijaigusa.”

“Mvuvi anapima chambo mbele ya kutoka nyumbani. Ikiisha, anarudi. Hakati samaki ya chungu ya watoto kuitia ku ndoano.”

“Lakini iko karibu kulipa, mama.”

Mtumbwi ukagusa mchanga. Muhindo, bado amenuna lakini neno la chungu cha watoto limemkaa moyoni, alifunga mchezo akapiga simu. “Tania, pesa ya mchele iko nzima. Nakuletea yote, sitaigusa.”